Vidanji ya Prof

Mtaani kwetu Majengo, hapa Goma, wananiita Prof kwa sababu nafundisha fizikia shule ya sekondari. Jina hilo ndilo lililoniponza. Ukiitwa Prof kwa miaka mingi, inafika siku unaona aibu kumlipa mtu dola 10 eti amefungua kizibo, akamwaga mafuta, akafunga kizibo. Basi Jumamosi moja nikamtangazia mama watoto kwamba RAV4 yetu leo inafanyiwa vidanji, yaani kubadilishwa mafuta ya injini, nyumbani, na mimi mwenyewe.

"Na nani atakuwa anakuangalia?" akauliza.

Nikadhani anaulizia msaidizi.

Nilinunua galoni ya lita 5 na filta mpya. Magurudumu ya mbele nikayapandisha juu ya mawe bapa, maana mawe ndicho kitu ambacho parseli yetu haijawahi kupungukiwa: tumejenga juu ya lava iliyoshuka mwaka 2002, na ua mzima ni changarawe nyeusi ya volkano ya Nyiragongo. Nikawasha injini kidogo mafuta yapate moto, nikazima, nikajilaza chini na beseni. Kizibo kikatoka vizuri. Mafuta yakashuka, meusi kama kahawa ya matanga. Kabla tone la mwisho halijaanguka, mzee jirani alikuwa ameshafika na ndoo yake. Alitaka ya kupaka mbao za nyumba yake zisiliwe na mchwa.

Filta ya zamani ilikataa. Niliibembeleza, nikaitukana, mwishowe nikaichoma bisibisi ubavuni na kuizungusha hivyo hivyo mpaka ikatoka, ikanimwagia mafuta kutoka kiganjani hadi kwapani. Ile mpya niliipaka mafuta kwenye mpira wake kwa kidole, kama inavyotakiwa, nikaikaza kwa mkono. Nilijiona daktari wa upasuaji. Nikamimina lita 4 na kidogo, nikawasha, nikachungulia chini kwa dakika 5 nzima. Hakuna hata tone.

Sasa, kuna kadogo mmoja wa jirani, umri kama miaka 8, ambaye hajawahi kuona takataka. Yeye anaona vipuri. Alikuja akiwa ameshika mikono nyuma.

"Prof, unipe ile filta ya zamani."

Nikampa. Robo saa baadaye karudi, uso umekunjamana.

"Prof, haiko na mpira."

"Mpira gani?"

"Ule wa muviringo. Filta zote ziko nao. Hii haina."

"Utakuwa umeupoteza mwenyewe. Nenda huko, nina kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa kunawa mikono. Naomba msomaji alikumbuke tukio hili, maana mimi nililisahau palepale.

Jumapili tulienda misani na kurudi. Mchana nikapima mafuta kwa kile kijiti, si kwa wasiwasi, kwa raha tu, kama mtu anayefungua tena barua aliyosifiwa. Mafuta yalikuwa yameshuka hadi alama ya chini. Kati ya alama ya juu na ya chini huwa ni kama lita 1, na lita hiyo haikuwepo. Nikainama chini ya gari: changarawe nyeusi. Nikaparua kwa mguu: changarawe nyeusi. Anayeishi juu ya lava hana kadibodi ya kumwonyesha tone; mafuta meusi yakianguka juu ya jiwe jeusi lenye vitundu kama mkate, jiwe linayanywa na kunyamaza.

Kwa hiyo nikatangaza kwa sauti ya darasani: "Hayavuji. Injini inayala."

Hapo ndipo ua ulipojaa madaktari. Mzee wa ndoo, ambaye zamani aliendesha lori la Butembo, akasema ni segima, zile pete za pistoni, zimekwisha. Nikamwambia shemeji asimame nyuma ya bomba la moshi aangalie rangi, maana injini inayounguza mafuta hutoa moshi wa buluu. Akasimama pale dakika 10 akipepesa macho.

"Unaona nini?"

"Naona machozi."

Buluu hakuna. Fundi cherehani wa ng'ambo ya njia akasema basi ni maji yamechanganyikana na mafuta ndani. Nikafungua kifuniko: ingekuwa hivyo, mafuta yangegeuka rangi ya chai ya maziwa. Yalikuwa yanang'aa kama asali. Fundi cherehani akakasirika kidogo, akasema basi mafuta ni feki. Mama mmoja wa kwaya akashauri tuangalie pia nani mtaani ana wivu.

Mama watoto alikuwa mlangoni anachambua sombe. Hakuinua kichwa. "Ijumaa gari lilikuwa zima. Jumamosi umelishika. Leo Jumapili lina ugonjwa wa uzee?"

Wanaume wote tukacheka. Mambo ya mafundi haya, tukasema. Nikaongeza mafuta yaliyobaki kwenye galoni, nikalala.

Jumatatu asubuhi nilikuwa na somo la saa ya kwanza: shinikizo la vimiminika. Nililisoma moyoni huku naendesha. Kulikuwa na baridi, na injini ikiwa baridi mafuta huwa mazito. Ukikanyaga, pampu inayasukuma kwa nguvu inayofika mara mbili ya upepo wa tairi. Hilo nalijua. Ningeweza kuliandika ubaoni nimefumba macho. Nikakanyaga kuwahi mzunguko wa Chukudu, na chini ya gari nikasikia kitu kama mtu amefungua soda.

Motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, akanipita akigeuka nyuma. "Papa! Gari yako iko inakojoa!"

Kisha kwenye dashibodi ikawaka ile taa nyekundu yenye picha ya birika linalodondosha tone. Watu wengi hufikiri taa hiyo inasema mafuta yamepungua. Haisemi hivyo. Inasema hakuna shinikizo, na ikiwaka, vyuma vimeanza kusagana. Nilizima injini palepale. Ndilo jambo moja la akili nililofanya wiki ile. Nikateleza hadi pembeni ya barabara, nyuma yangu mstari mweusi unaong'aa juu ya lami. Lami, tofauti na lava, haitunzi siri.

Basi nikasimama chini ya ile sanamu ya dhahabu ya mtu anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na nani atokee kunisaidia? Vijana wawili wenye chukudu, wamebeba viazi. Wakaegesha mzigo, wakalisukuma gari langu hadi kivulini, wakacheka mpaka wakakaa chini. "Leo chukudu imesukuma Toyota," akasema mmoja, na bei ikapanda kwa sababu ya heshima hiyo.

Fundi wangu wa siku zote nilimpigia kwa sauti ndogo. Alifika na mfuko wa plastiki wenye funguo tatu. Hakuuliza segima wala moshi. Aliingiza mkono, akafungua filta, akaishika kwenye jua. Mpira wake mpya ulikuwa umekunjika umetoka nje, umepasuka. Halafu akapapasa pale filta inapokaa, akabandua kwa ukucha duara jingine jeusi, limekauka, limeng'ang'ania chuma.

"Prof, umevalisha motere soksi mbili."

Mpira wa zamani ulikuwa umebaki kwenye injini, na mimi nikafunga mpya juu yake. Injini ikinguruma polepole, mipira hiyo ilivumiliana. Jumapili ikavujisha kidogo kidogo. Leo nimekanyaga, mmoja ukateleza.

"Ile filta ya zamani uliiangalia? Ilikuwa na mpira?"

Nikakohoa. Nilimwona yule kadogo mbele yangu, mikono nyuma. Nikasema sikumbuki.

Galoni nyingine, filta nyingine, fundi, chukudu. Sitataja jumla, kwa kuwa mama watoto anasoma ninachoandika. Shuleni nilifika saa ya tatu, na kuna mwanafunzi aliyekuwa ameshauona mstari barabarani; somo la shinikizo siku ile halikuhitaji ubao.

Jioni nilimkuta kadogo amekaa juu ya jiwe, anachonga chukudu yake ndogo ya mti. Nikatoa mfukoni ule mpira mzima wa zamani, nimeshauosha kwa sabuni. Nikamwambia alikuwa na haki.

Aliupokea kwa mikono miwili, akauvalisha gurudumu la mbele. Ukakaa barabara. Akaligeuza gurudumu la nyuma, tupu, akalitazama, kisha akanitazama mimi.

"Asante Prof. Vidanji ingine utafanya lini?"