Acheni Kutuambia "Ni Mimba Tu"

Wiki hii nimelisikia tena neno hilo. Mjamzito wa karibu yangu taya limemvimba upande wa kushoto, meno ya huko yanacheza, mapaja yanamuuma kiasi kwamba kugeuka kitandani ni kazi. Akaambiwa ni mimba tu, fizi za wajawazito huvimba, akijifungua zitarudi. Kisha akapewa vidonge vya kalsiamu kwa ajili ya hayo maumivu ya mifupa. Damu haikupimwa. Ilipokuja kupimwa, kalsiamu ilikuwa juu, na homoni ya parathiroidi nayo juu. Alikuwa anaongezewa kile kile kinachomdhuru!

Tezi za parathiroidi kwa kawaida ni nne, ndogo kama punje za mchele, nyuma ya tezi ya shingo. Moja ikiota uvimbe, ambao mara nyingi sana si saratani, hutoa homoni kupita kiasi, na homoni hiyo huchota kalsiamu mifupani na kuipeleka kwenye damu. Mfupa unalika kwa ndani, na penye pengo panaweza kuota uvimbe wa kahawia, rangi inayotokana na damu iliyovujia humo. Taya ni mojawapo ya sehemu zake.

Haya, nakubali: ugonjwa huu ni nadra, na wengi wanaotapika wanatapika kwa sababu ya mimba. Lakini ndiyo maana unajificha. Kichefuchefu, uchovu, kufunga choo, kiu, kukojoa kila mara: kalsiamu ikizidi ndivyo inavyokuwa, na kliniki kila dalili ina jibu lake tayari. Hata maabara inaweza kupotosha, maana albumini, protini ya damu inayobeba sehemu ya kalsiamu, hupungua kwenye ujauzito na kalsiamu ya jumla ikasomeka chini. Mwenye dalili asirudishwe nyumbani kwa jibu hilo peke yake; apimwe kalsiamu iliyo huru kwenye damu, yaani isiyoshikwa na protini.

Na mtoto je? Kalsiamu nyingi ya mama inapita kwenye kondo, tezi za mtoto zinazubaa. Akishazaliwa ile kalsiamu inakatika, yake inashuka, degedege inaanza. Wapo akina mama ambao ugonjwa wao uligunduliwa hivyo, baada ya kichanga kukakamaa mikononi mwao. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu kipimo chenyewe ni cha damu tu.

Tiba ipo. Daktari mpasuaji Felix Mandl aliondoa uvimbe wa parathiroidi kule Vienna, Austria, mwaka 1925, mgonjwa wake wa mifupa akapata nafuu. Leo mjamzito anayehitaji upasuaji kwa kawaida hufanyiwa katika miezi mitatu ya kati, na mara nyingi uvimbe wa mfupa hunywea wenyewe tezi ikishaondolewa. Kwa hiyo madaktari wa meno na taya, nawaomba sana: kabla hamjakata taya la mjamzito, pimeni kalsiamu na homoni ya parathiroidi.