Mwalimu kaja kwenye msiba wake

Kabla hamjaendelea kutumiana ile sauti ya jamaa yangu, anayosema nililia filamu hadi nikagaagaa chini na mtaa ukadhani kuna msiba, nisikilizeni na mimi. Anayosema ni kweli nusu tu. Sikugaagaa chini. Nilikuwa nimekumbatia mto wa kochi, basi.

Juzi usiku hapa Ngamiani, joto, madirisha yote wazi, nikafungua filamu niliyopewa kwenye flashi. Ya Kimarekani, ya 1999. Jack Lemmon ni profesa mzee anayeugua ALS, maradhi yanayoua misuli kidogo kidogo huku akili imebaki nzima inatazama. Mwanafunzi wake alimpotezea miaka 16, sasa kila wiki anapanda ndege Detroit hadi Boston, Jumanne kwa Jumanne, kumsikiliza.

Ndege! Mimi mwalimu wangu wa darasa la saba yuko nyumba ya tatu kutoka kwangu, na napita uchochoroni nisionane naye, kwa kuwa nina pampu yake ya baiskeli tangu Ramadhani.

Hapo ndipo kilio kiliponishika. (Wanaosema nilikuwa nimekula kitu, nyamazeni.) Mzee alipokata roho nikapiga ukelele: "Mwalimu wangu jamani! Mwalimu, nisamehe!"

Nafungua mlango nikapunge upepo, msuli nimeushika kwa mkono mmoja, kamasi hadi kidevuni, nakuta mkeka umeshatandikwa. Kina mama wamejitanda kanga. Jirani akanishika bega: "Pole baba. Katutoka saa ngapi?"

Na mimi, kwa kwikwi ile, nikajibu: "Sasa hivi."

"Nani yuko naye?"

"Mwanafunzi wake."

Vilio vikaanza upya. Sahani ya ubani ikazunguka. Ndipo nikaona tochi inakuja toka kule chini, polepole, inamulika madimbwi moja moja. Kanzu. Bakora. Kikohozi ninachokijua tangu utotoni. Watu wakaanza kunyamaza mmoja mmoja kutokea nyuma, mpaka ikabaki muziki wa filamu peke yake mgongoni kwangu. Mzee wa watu akainama, akatia elfu mbili kwenye sahani, akainuka, akajifuta jasho.

"Asalaam alaykum. Nani kafariki?"

Kimya. Hata mbuzi wa jirani alikaa kimya. Kisha mtoto mmoja, Mungu amjaalie, akasema kwa adabu zote:

"Shikamoo Mwalimu. Ni wewe."

Tochi ikahama toka kwa mtoto, ikapita kwenye mkeka, kwenye sahani, ikapanda msuli wangu, ikatua usoni.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Pampu yangu iko wapi?"

Mengine mnayajua. Pampu nimerudisha, mpira umechanika, nalipa. Jumanne kaniita nikamsomee gazeti, macho yake hayaoni vizuri, nitakwenda. Tatizo ni ile sahani: ina 31,000 na hakuna anayejua zirudi kwa nani. Mwalimu anasema msiba ni wake, pesa zake.