Jasho Si Mafuta

Mtu akimaliza mazoezi nguo zimelowa chapachapa, hupanda kwenye mizani, akakuta imeshuka kilo moja na nusu, akafurahi. Jioni anakunywa maji na kula, na asubuhi kilo zile zimerudi zote. Hapo ndipo anapoanza kusema mwili wake haupungui. Mwili haujakosea. Kilichotoka kilikuwa maji, na maji yamerudi mahali pake.

Mafuta ya mwilini hayapiti kwenye vinyweleo. Yakitumika, huunguzwa kwa oksijeni yakageuka kuwa hewa ya ukaa na maji. Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown walichapisha hesabu yake katika jarida la kitabibu la BMJ: katika kila kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi zikiwa hewa ya ukaa, na kilo 1.6 zilizobaki hugeuka maji. (Usianze kuhema haraka haraka ili uwahi kukonda. Pumzi hutoa kilichokwisha kuunguzwa, haiunguzi, na utakachopata ni kizunguzungu.) Kazi ya jasho ni kupoza mwili, basi. Anayejifunga nailoni tumboni au kukimbia na masweta matatu juani anajikausha maji na kujitafutia kuzirai.

Naliona kosa hili kuwa kubwa kuliko uvivu wenyewe: kuyafanya mazoezi kuwa adhabu ya kulipia chakula. Uzito hupungua hasa kwa kinachoingia mdomoni. Mazoezi yana kazi nyingine, nayo si ndogo: kulinda misuli, moyo, mifupa na usingizi wakati uzito unashuka, na kuuzuia usirudi baadaye. Anayechanganya hesabu hizi mbili huishia kukimbia sana, kula zaidi, na kukata tamaa kwa zote mbili.

Tazama tarakimu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Kukimbia hutumia karibu kalori 1 kwa kila kilo ya uzito wako kwa kila kilomita, kwa hiyo mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 5 ametumia kama kalori 400. Chupa mbili za soda za nusu lita zinazirudisha zote. Kukimbia kulichukua zaidi ya nusu saa. Kunywa, dakika tano. Mtu huyohuyo akitembea saa moja kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa atatumia kama kalori 280, lakini 80 kati ya hizo angezitumia hata kama angekaa kwenye kiti. Faida halisi ni 200. Mashine nyingi za jimu na saa za mkononi hukuonyesha ile jumla kubwa, na mwenye njaa hula kwa kufuata jumla kubwa.

Kuna na hasara nyingine isiyoonekana. Aliyejichosha alfajiri kwa saa nzima hujilipa kwa kukaa kutwa: anaagiza kila kitu aletewe, ngazi anaziona mlima. Mwaka 1999 James Levine na wenzake wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, waliwalisha watu 16 kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki nane. Aliyeongezeka mafuta kidogo kuliko wote hakufikisha hata nusu kilo. Aliyeongezeka zaidi alipita kilo nne. Kilichowatofautisha hasa kilikuwa mijongeo midogo ya mchana kutwa, kusimama, kuzunguka, kutotulia, wala si michezo. Ndiyo maana ningemwambia anayeanza aache kwanza habari ya kukimbia, aanze na miguu ya kawaida: dakika 10 za kutembea baada ya kila mlo mkubwa. Milo mitatu ni dakika 30, na kwa siku tano umefikisha dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kuwa kiwango cha chini kwa mtu mzima kwa wiki. Kutembea baada ya kula pia hupunguza mpando wa sukari kwenye damu, kwa sababu misuli inayofanya kazi huichukua sukari hiyo papo hapo. Mwendo uwe wa kukuwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Ukiweza kuimba, kaza mwendo.

Na hizo hatua 10,000? Zilitokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Ni namba nzuri ya biashara. Kama leo unatembea hatua 3,000, lengo la wiki ijayo liwe 4,000. Aliyerukia 12,000 kwa siku moja mara nyingi hukutana na maumivu ya nyayo au ya mfupa wa ugoko, kwa sababu moyo na misuli huzoea mzigo mpya upesi kuliko kano na mifupa.

Sasa jikoni, ambako ndiko penye mengi.

Anza na mafuta ya kupikia, kabla ya wanga. Watu hukimbilia kufuta wali na mkate kwenye maisha yao huku chupa ya mafuta ikimiminwa kwa kukisia. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina karibu kalori 120, yawe ya alizeti, ya nazi au ya zeituni. Sifa ya kuwa "mafuta mazuri" inahusu moyo, haibadilishi kalori. Mkono unaomimina bila kupima hupitisha vijiko vinne au vitano kwa urahisi. Pima kwa wiki moja kama unavyomimina siku zote, bila kubadili chochote, uone ukweli. Kisha shuka hadi kijiko kimoja kwa kila mlaji. Kitunguu kitaiva tu: funika sufuria, punguza moto, ongeza maji vijiko viwili vitatu kinapoanza kushika. Kinachopotea ni ule mng'ao juu ya mchuzi.

La pili ni vinywaji. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4, kalori 16, hakitishi. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni karibu kalori 190, na tumbo halizihesabu: kinywaji chenye sukari hakishibishi kama chakula cha kutafuna chenye kalori zilezile. Juisi ya matunda ina hali hiyohiyo. Chungwa zima lina nyuzinyuzi na linahitaji kumenywa. Glasi ya juisi ni machungwa matatu au manne yanayopita kooni kwa sekunde kumi. Punguza sukari ya chai kwa nusu kijiko kila wiki. Ulimi huzoea. Anayeikata yote siku moja, Ijumaa anairudia na riba.

La tatu ni protini, na hapa ndipo dayati nyingi za mitaani huharibika. Mtu anakula matango na matunda wiki tatu, mizani inashuka kwa kasi, watu wanamsifu. Sehemu ya kilichoshuka ni misuli. Anayepunguza uzito anafanya vizuri akila gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye uzito mkubwa sana apige hesabu kwa uzito anaoulenga. Kwa mtu wa kilo 80 ni kama gramu 95 hadi 130. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, gramu 100 za minofu ya kuku iliyopikwa kama 30. Ukihesabu utagundua kwamba kifungua kinywa cha wengi hakina protini yoyote ya maana, na njaa ya saa nne asubuhi haina siri tena. Kwenye sahani, mboga zijaze nusu, wanga uwe kiasi cha ngumi yako, protini kiasi cha kiganja. Anza kula mboga na protini, wanga ufuate.

Chakula cha viwandani kilichosindikwa sana nacho kina neno lake. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani waliwaweka watu 20 ndani ya kituo cha utafiti, wiki mbili kwa vyakula vya aina hiyo na wiki mbili kwa visivyosindikwa sana, milo ikiwa imelinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta na nyuzinyuzi, kila mtu ale apendavyo. Kwenye vyakula vilivyosindikwa sana walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku. Huhitaji nia ya chuma kupambana na pakiti ya biskuti. Unahitaji isiwepo kabatini.

Chai za kupunguza tumbo sina subira nazo. Nyingi hutiwa sanamaki, ambayo ni dawa ya kuharisha. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, na kalori zimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba kabla ya kufika huko. Unalipia safari za msalani.

Tukirudi kwenye mazoezi, kutembea pekee hakutoshi. Misuli inataka sababu ya kubaki, na sababu hiyo ni mzigo wa kunyanyua au kusukuma. Siku mbili kwa wiki, dakika 30, zinatosha kuanzia, bila jimu. Chuchumaa hadi makalio yaguse kiti kisha simama. Piga pushapu ukiegemea ukuta, baadaye meza, baadaye sakafu. Inama kwa nyonga mgongo ukiwa umenyooka, uvute dumu la maji kuelekea kiunoni. Lala chali, kunja magoti, nyanyua nyonga. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu ni chuma chenye kipimo: ongeza lita moja moja. Kila zoezi mara 8 hadi 12, seti tatu, ukipumzika dakika moja na nusu katikati. Acha ukiwa bado na nguvu ya kurudia mara mbili. Ukifikisha 12 kwenye seti zote tatu kwa siku mbili mfululizo, fanya liwe gumu zaidi, maana wengi hurudia pushapu zilezile za ukutani mwaka mzima, wakashangaa mkono haubadiliki.

Makosa yanayoumiza ni machache na yanajirudia. Visigino vinanyanyuka wakati wa kuchuchumaa: panua miguu kidogo na usishuke sana. Magoti yanaingia ndani: yasukume yaelekee vidole vya miguu. Kiuno kinazama kwenye pushapu: umechagua ngazi iliyokuzidi, rudi mezani. Na usibane pumzi, hasa mwenye shinikizo la damu. Toa pumzi unapopanda. Mazoezi ya tumbo, kwa taarifa, huimarisha misuli iliyo chini ya kitambi, hayali kitambi chenyewe. Mwili ndio unaoamua utaanzia wapi kutoa mafuta, na mara nyingi tumbo la chini ndilo la mwisho.

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari aongee na daktari kabla ya kupunguza chakula, kwani dozi ya zamani kwa mlo mpya inaweza kumshushia sukari kwa hatari. Mjamzito asipunguze uzito kwa kufuata makala.

Panda kwenye mizani kila asubuhi, baada ya msalani na kabla ya kula, kisha linganisha wastani wa wiki na wastani wa wiki iliyopita. Siku moja haisemi kitu. Wiki ya kwanza unaweza kushuka kilo mbili au tatu kwa sababu wanga uliohifadhiwa mwilini hushika maji takriban mara tatu ya uzito wake, na ukitumika maji hutoka nao. Usishangilie sana, na usilie wiki ya tatu kasi ikipungua hadi nusu kilo. Nusu kilo ndiyo kasi yenyewe. Chumvi nyingi, siku za hedhi, au misuli inayouma kwa zoezi jipya huweza kuficha upungufu kwa siku kadhaa, na hapo utepe wa kupimia kiuno, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, husema ukweli kuliko mizani.

Wastani ukisimama kwa wiki tatu au nne, usikimbilie kuamini kwamba mwili umegoma. Mwaka 1992 Steven Lichtman na wenzake walichunguza watu waliodai hawapungui hata wakila chini ya kalori 1,200. Waliripoti karibu nusu tu ya walichokula, pungufu ya asilimia 47, na hilo si lazima liwe udanganyifu wa makusudi. Rudisha kijiko cha kupimia mafuta, ambacho kwa kawaida kimeshapotelea droo. Hesabu vionjo vya jikoni na makombo ya watoto. Kisha tazama mwisho wa wiki: kalori 400 pungufu kwa siku tano ni 2,000, na Jumamosi na Jumapili zenye ziada ya 1,000 kila moja zimezifuta zote. Kama yote hayo yako sawa, basi ni kwamba mwili mdogo hutumia kidogo: toa kijiko kimoja cha mafuta kwa siku au ongeza dakika 20 za kutembea, kimoja kati ya hivyo, kisha subiri wiki mbili ndipo uguse kingine.