Safisha Juu Baada ya Wewe Mwenyewe

Jamani, mimi ni mtu mzima mwenye heshima zangu, lakini mama mwenye nyumba ananitafuta. Jana kabandika karatasi kwenye mlango wa choo, imechapwa steshenari kabisa, kwa Kiingereza: "Please clean up after yourself." Nyumba yenyewe iko Manzese uswahilini, na Mzungu wa mwisho kupita uchochoro huu alikuwa amepotea.

Maji hayatoki, nimenyamaza. Jirani anakoroma mpaka ukuta unatikisika, nimenyamaza. Hii karatasi hapana.

Jioni wapangaji tukakutana uwani. Kijana wa bodaboda, chumba cha mwisho, akafungua dimba: "up" ni juu, kwa hiyo tumeamriwa kusafisha juu. Mama muuza vitumbua akauliza, juu wapi? Choo hakina hata dari, ni bati na buibui. Kijana hakungoja jibu. Akapanda juu ya ndoo, fagio la chelewa mkononi, akaanza kukomba utando. Vumbi, masizi, buibui na wajukuu zao, vyote vikashukia kwenye pipa la maji ya kuogea. Maji niliyonunua mimi, kwa mkokoteni, dumu kwa dumu! Ndoo ikateleza, kijana akadandia kamba ya kuanikia, kamba ikaja na kanga za watu, kanga zikaingia pipani.

Hapo ndipo mwalimu mstaafu, aliyekuwa anatazama huku anakunywa kahawa yake, akakohoa. Akasema hiyo "up" haina habari na juu. Waingereza wakiipachika hapo wanataka kazi iishe, isibaki hata chembe. Na hayo maneno ya mbele yake ni kwamba uchafu wako uondoe mwenyewe, usimwachie anayekuja. Yaani ukitoka, mwaga maji. Basi!

"Mwalimu, muda wote huo ulikuwa wapi?"

"Hamkuniuliza, mwanangu."

Na akaendelea, maana walimu hawajui kumaliza kipindi. Eti Mwingereza huyo huyo akisema mfanyabiashara "cleaned up," ana maana kavuna hela za kutosha. Akisema wezi "cleaned out" nyumba, wamekomba kila kitu. Muuza vitumbua akadakia kwamba hilo la mwisho analijua, ndivyo alivyofanywa na mume wake wa kwanza.

Lakini kodi ya miezi sita mama mwenye nyumba anaidai kwa Kiswahili cha mwambao, na methali juu. Hapo Kiingereza hakimjii.

Na umeme wa LUKU je? Tunachanga sawasawa, mimi nina balbu na simu, chumba cha mbele kuna friji la kugandisha barafu za ubuyu za kuuza. Ukihoji unaambiwa friji likishagandisha halili umeme. Halili! Wallahi leo uniti zikiisha sitoi hata mia, tukae gizani wote, na hizo barafu mwenye friji aziuze kama juisi.