Alfajiri kwenye vinu vya Minneapolis: lipe jua mgongo

Karibu kila anayefika Stone Arch Bridge, daraja la mawe la mto Mississippi mjini Minneapolis, Marekani, alfajiri na kamera hutazama mashariki, akisubiri jua lichomoze. Kwa maoni yetu anasubiri upande usio wake. Jua linalochomoza Minneapolis halina tofauti na la mahali pengine. Kisichopatikana kwingine ni kile liangaziacho: vinu vya unga vya ukingo wa magharibi wa Mississippi, kando ya maporomoko ya Saint Anthony, vyenye kuta za mawe ya chokaa, maghala marefu ya nafaka na maandishi ya Gold Medal Flour juu ya paa.

Chagua mwezi kabla ya kuchagua lenzi. Kuta za vinu zinazotazama mto zimeelekea kaskazini mashariki. Mji uko karibu nyuzi 45 kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo jua huhama sana kati ya msimu na msimu. Mwishoni mwa Juni linatoka kaskazini mashariki, mwendo wa saa 11 na nusu alfajiri, na kuupiga ukuta usoni. Picha inakuwa na mwanga tele, lakini mawe yanaonekana bapa kama karatasi. Desemba linatoka kusini mashariki, saa 2 kasoro asubuhi, linaugusa ukuta kwa ubavu dakika chache kisha linauacha kivulini. Septemba ya mwishoni ndiyo yenyewe. Jua linatoka mashariki hasa, mnamo saa 1 asubuhi, mwanga unakuja kwa mshazari, na kila jiwe linapata kivuli chake. Tena, hewa ikipoa kuliko maji, ukungu hupanda mtoni na kuficha vitu vya kisasa ambavyo hukuvihitaji.

Aliyezoea Dar es Salaam au Mombasa, ambako giza likianza kupasuka jua liko mlangoni, atashangaa jinsi kunavyokucha polepole huku. Anga la buluu linakaa. Fika saa 12 kamili, funga kamera kwenye tripodi, na uanze na ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), sekunde 8 hadi 15. Weka mpangilio wa rangi ya mwanga (white balance) kwenye alama ya jua. Ukiiachia kamera ijiamulie, itaifuta buluu uliyoamkia. Taa za maandishi juu ya paa zikiwa zinawaka, pima mwanga kwa herufi zenyewe, la sivyo zitaungua na kuwa doa jeupe lisilosomeka. Piga tatu mfululizo zikipishana stopu mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili au nusu), uziunganishe nyumbani.

Simama kwenye sehemu ya mawe ya daraja. Daraja hili la 1883 lilijengwa kwa ajili ya treni za tajiri wa reli James J. Hill, na tangu 1994 ni la waendao kwa miguu na baiskeli. Lakini lina kipande cha chuma, kilichowekwa ili vyombo vya majini vipite kwenda kwenye lango la maji lililofunguliwa 1963. Hapo mkimbiaji mmoja akipita, picha ya sekunde 10 inaweza kutikisika. Usivute juu nguzo ya katikati ya tripodi, tumia saa ya kamera kujipiga yenyewe baada ya sekunde 2, na zima kitulizaji cha lenzi kama ni lenzi ya zamani.

Kutoka darajani, lenzi ya milimita 70 hadi 100 inatosha kwa maghala na maandishi. Lenzi pana huvifanya vinu kuwa vibanda vya kiberiti. Maporomoko nayo siku hizi yanateremka juu ya zege, kwa hiyo usiyarefushie muda kupita kiasi. Robo sekunde hadi sekunde moja maji yana nyuzi. Zaidi ya hapo ni maziwa yaliyomwagika. Futa lenzi kila baada ya picha chache, maana rasharasha huwezi kuiona kwenye kioo kidogo cha kamera. Unaiona baadaye, kwenye kompyuta, ikiwa imezungushia kila taa duara la ukungu.

Halafu maelezo ya picha. Watu huandika kwamba magofu ya Washburn A Mill, kimojawapo cha vinu hivi, ni mabaki ya mlipuko. Siyo. Vumbi la unga lililotanda hewani lilishika moto tarehe 2 Mei 1878, kinu kikalipuka na watu 18 wakafa. Kilijengwa upya kufikia 1880, kikafungwa 1965, na kuta unazozipiga ziliachwa wazi na moto wa 1991. Makumbusho yaliyomo ndani yalifunguliwa 2003. Jengo jirani lenye buluu iliyokoza ni ukumbi wa maigizo wa Guthrie; likijaa kwenye fremu huidanganya kamera ione giza, na mawe ya kinu yanapauka. Punguza theluthi mbili za stopu.

Wakati wa baridi betri hunywea upesi, kwa hiyo ya pili ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kabla ya kuingia kwenye joto, tia kamera kwenye mfuko wa plastiki na uufunge kabisa, umande ushike mfuko badala ya lenzi. Kadi ya picha itoe ukiwa bado nje, kwa sababu mfuko huo usiufungue kwa saa moja hivi, hata kama mkono unakuwasha.