Mpeni Kijana Pampu Iliyoungua

Vijana wanaomaliza shahada ya uhandisi huniuliza jambo moja kwa namna nyingi: nifanyeje ili niipende kazi hii? Wengi wao wamepangiwa matengenezo, na roho zao ziko kwenye miradi mikubwa. Nawaelewa. Nani hataki kusema alikuwepo Rufiji wakati mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja inafungwa kwenye Bwawa la Julius Nyerere? Pampu ya kijijini haina mtu wa kuipiga picha.

Mimi ni mhandisi wa umeme na nimekula chumvi nyingi kwenye visima. Msimamo wangu, ambao wenzangu wengine hawaupendi, ni kwamba kutunza ni kugumu kuliko kujenga. Anayejenga hupewa michoro, bajeti na siku ya kukabidhi. Anayetunza hupewa lawama, pamoja na mtambo ulioshikwashikwa na kila fundi wa wilaya.

Kuna kijiji kilikuwa na kisima kirefu chenye pampu ya kuzama ya fezi tatu, yaani inayolishwa na njia tatu za umeme kwa pamoja. Mota inaungua, inasukwa nyaya upya, inarudishwa chini, inaungua tena, na kila mara fedha zinatoka kwenye mfuko wa jumuiya ya watumiaji maji, yaani kwenye ndoo za watu. Mafundi wote waliilaumu mota: feki hiyo. Nilipopima saa nne asubuhi, volti zilikuwa safi, ampea safi. Aliyenifungua macho ni mama anayeuza maji kwenye kioski. "Injinia, hii haifi asubuhi. Inakufa watu wakishawasha taa."

Nikakaa hadi saa moja usiku. Nyumba za mtaa mpya karibu zote zilikuwa zimeunganishwa kwenye fezi moja, na giza lilipoingia volti ya fezi hiyo ikaporomoka huku nyingine mbili zikibaki juu. Kwa mota, tofauti ndogo ya volti kati ya fezi huzaa tofauti kubwa mara kadhaa ya ampea. Koili hupata joto, insulesheni inayofunika nyaya zake inachoka, mwisho moshi. Rilei ya ovalodi, yaani swichi inayozima mota ikivuta umeme kupita kiasi, ingekata mapema, ila kuna mtu alishaipandisha kupita ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, eti ilikuwa inasumbua. (Rilei isiyosumbua ni ya nini?) Tukairudisha mahali pake, tukafunga kifaa cha kulinda fezi, na shirika la umeme likagawanya upya nyumba zile. Mota iliyoitwa feki ikaendelea kusukuma maji.

Jioni ile sikuwa na hamasa yoyote. Nilikuwa na njaa na mbu. Shauku ilikuja nilipoona sindano ya mita inashuka, na tangu hapo siwaamini sana wanaowaambia vijana watafute kwanza wanachokipenda.

Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa mafunzo kwa vitendo, ambapo mhitimu hufanya kazi miaka mitatu chini ya msimamizi kabla ya kusajiliwa. Ningekuwa na sauti, mwaka mmoja kati ya hiyo ungekuwa wa matengenezo matupu, na kijana angeulizwa ni hitilafu zipi amezifuata hadi kwenye chanzo, siyo amepita kwenye miradi mingapi.