Nimekwenda Istanbul Kutafuta Mjinga Mwenzangu

Mama Zuhura huenda Istanbul mara mbili kwa mwaka kufuata nguo za duka lake la Kariakoo. Safari hii akasema twende wote. Jirani zangu wakaanza kunitania eti fungate ya uzeeni. Fungate gani? Alipiga hesabu mbele yangu kwa kikokotoo: kubebesha mizigo kule ni pesa, na tiketi ya mume inakuja na mizigo miwili ya kilo 23. Mimi nilikuwa kilo 46 zinazotembea.

Nikakubali haraka mno, hata akanitazama mara mbili. Hakujua nina jambo langu.

Mimi ni fundi redio. Mwaka juzi mteja mmoja aliniletea pleya ya santuri, mkanda umelegea. Nikabadilisha mkanda, nikatafuta cha kujaribia. Ndani ya mfuko wake mlikuwa na santuri ya mama mmoja wa Kituruki, Selda Bağcan, nakala mpya ya ile aliyoitoa 1976. Nikashusha sindano. Jamani! Chini ngoma kama za harusini, juu yake gita la umeme linakoroma kama Scania inapanda Kitonga na mzigo wa mbao, na juu ya yote hayo mama analalamika kama mtu aliyedhulumiwa shamba la urithi. Mteja alikuja saa nane kuchukua pleya yake. Nikamwambia bado haijapona, arudi keshokutwa.

Tangu siku ile silali. Mama Zuhura akilala, mimi na simu na waya za masikioni. Nikawajua Moğollar, bendi ya 1967, jina lao maana yake Wamongolia, sijui kwa nini na sikuuliza. Nikawajua ndugu watatu wanaojiita 3 Hürel, mmoja wao alikuwa na gita lenye shingo mbili, moja ya gita, moja ya saz, ule udi wao mwembamba wa shingo ndefu. Nikamjua Erkin Koray, na santuri yake kubwa ya 1974, Elektronik Türküler. Hiyo ndiyo niliyoapa kuishika kwa mkono. Tena siyo nakala mpya. Ya 1974.

Mpango wangu ulikuwa mmoja tu, nao niliufundishwa na maisha. Marehemu baba aliacha sanduku la santuri: Morogoro Jazz, NUTA Jazz, Wakongo kibao. Zikakaa chini ya kitanda, watoto wakirushiana kama visosi. Siku moja akaja mgeni na mkoba mgongoni, kandambili miguuni, anauliza santuri za zamani nyumba hadi nyumba. Nikamwona chizi. Akataja bei, nikataka kucheka, nikajizuia asije akabadili mawazo. Nikamwambia chukua zote, na sanduku chukua. Nikamsindikiza mpaka kituoni, na soda nikamnunulia! Miaka mingi baadaye nikaona kwenye simu bei ya moja tu kati ya zile. Sitaitaja, kuna watu wa familia wanasoma hapa.

Basi nikajisemea: na Istanbul lazima kuna mtu kama mimi. Kuna mzee ana sanduku chini ya kitanda, mjukuu anarushia paka. Ni kumtafuta tu.

Tukafikia Laleli, mtaa wa maduka ya nguo za jumla. Huko ukikohoa unajibiwa kwa Kiswahili. Vijana wa madukani wanajua "karibu dada", wanajua "bei ya jumla", na mmoja alijua mpaka "acha utani". Siku mbili nikabeba. Ya tatu nikasema mgongo umekaza, naomba ninyooshe miguu. Mama Zuhura akasema nakupa saa tatu tu, na usile hovyo.

Nikapanda tramu mpaka Karaköy, nikapanda kilima. Ule mji umejengwa na watu wenye ugomvi na magoti. Nikatokea mtaa wa Galip Dede, maduka ya ala za muziki pande zote. Nikaingia la kwanza, nikasema kwa madaha: "Santuri." Kijana uso ukamng'aa. Akaenda nyuma, akarudi amekumbatia limbao lenye nyuzi zisizohesabika, akaanza kulipiga kwa vijiti viwili. Kumbe kwao santur ni ala. Ninachotaka mimi wanakiita plak. Alipiga kwa moyo kijana wa watu, nikaona aibu kukatisha. Dakika kumi za saa tatu zangu zikaishia hapo, nikapiga makofi nikaondoka.

Akanielekeza Çukurcuma, mtaa wa vitu vya kale. Lile jina linatamkwa karibu sawa na "Chukua Juma". Nikawa nasimamisha watu barabarani, "Chukua Juma? Chukua Juma?" Mwanangu Juma angenisikia angejua nimemkabidhi kwa Waturuki. Na hapo ndipo nilipogundua kuwa herufi C yao ni J. Mwaka mzima nimekuwa nikimwita mwimbaji wao mmoja Semu Karaka, na kumbe Cem Karaca ni Jem Karaja. Nimewafundisha mafundi wenzangu sita jina lisilokuwepo.

Nikafungua mlango wa duka la kwanza. Ndani mzee, masharubu meupe, miwani puani. Kabla sijatia neno akasema: "Merhaba."

Sasa kwetu marahaba ni jibu. Huwezi kujibiwa kabla hujaamkia. Nikaona huyu mzee ameshanipima, ameona mtu mzima anaingia kimya kama mbuzi, amedai haki yake. Nikainama kidogo: "Shikamoo, mzee." Akarudia: "Merhaba." Tukawa sawa. Sijapata kuamkiana vizuri hivyo tangu nitoke Dar.

Nikasema: "Erkin Koray, plak?" Akainua kidevu, nyusi zikapanda, ulimi ukalia: tsk!

Nikaduwaa. Nimesonywa? Baada ya shikamoo yote ile? Nikauliza tena kwa upole, Selda? Tsk! Barış Manço? Tsk! Nikatoka nimevimba. Duka la pili, tsk. La tatu mama wa makamo, sura ya upole, akanipa na kikombe cha chai, halafu naye tsk! Nikakaribia kuuliza mimi Waturuki niliwakosea nini. Kijana aliyekuwa anakunywa chai pembeni ndiye aliyenifungua macho kwa simu yake ya kutafsiri: ile ndiyo "hapana" yao. Hana maana mbaya. Hana mzigo tu. Nikamrudia yule mzee wa kwanza moyoni nikamsamehe.

Waliokuwa nazo ndio walionitesa zaidi. Nilijua maneno ya kuzuga: unachukua santuri nyingine ya ovyo kwanza, unaipigia bei, halafu unagusa ile unayoitaka kama mtu anayefuta vumbi. Nimeshinda Kariakoo miaka ishirini, nayajua hayo. Jamaa mmoja mwenye duka akaniacha nifute vumbi. Halafu akatoa simu, akapiga picha kava, akanionyesha bei wanayoiuza Wajerumani. Na yake ni ileile. Nikasema lakini kaka, hii imekwaruzika. Akafungua droo akatoa taa ndogo, akaielekeza kwenye mifereji, akanionyesha mkwaruzo mmojammoja na kunieleza upi unasikika na upi hausikiki. Mimi ndiye fundi, lakini pale nilikuwa mwanafunzi.

Nikauliza mbona ghali hivi? Nikasomewa historia. Kwamba zama zile nyimbo zilitoka zaidi kwenye santuri ndogo, mbele wimbo, nyuma wimbo, na santuri kubwa nyingi zilikuwa ndogo zilizokusanywa pamoja. Kwamba 1980 wanajeshi walipindua serikali, Cem Karaca alikuwa Ujerumani, hakurudi alipoitwa, 1983 wakamvua uraia, akarejea 1987. Kwamba Selda alifungwa, akanyang'anywa pasi. Kwamba watu waliogopa kukutwa na nyimbo kama zile nyumbani, wakazitupa. Nikamwelewa, nikamhurumia kila mtu. Lakini kwa nini deni la mapinduzi nililipe mimi wa Magomeni?

Nikarudi Laleli mikono mitupu, nimechelewa saa moja na nusu. Nikasema tramu iliharibika. Mama Zuhura akaninusa, akasema tramu ya vumbi?

Siku ya mwisho nikavuka bahari kwa boti kwenda Kadıköy, upande wa Asia. Bara jingine zima kwa nauli ya kadi, na simiti moja mkononi, mkate wa duara wenye ufuta, ambao nusu yake walikula ndege wa baharini bila idhini yangu. Kadıköy ndiyo kwenye uchochoro wa Akmar, vitabu na santuri, na mitaa ya jirani imejaa maduka. Nakala mpya zimepangwa zimefungwa nailoni, zinang'aa kama biskuti. Nikapita kwa dharau. Nimetoka mbali kufuata vumbi.

Duka la mwisho kabisa, chini ya ngazi, nikaona kreti sakafuni. Juu ya kreti paka. Paka mkubwa wa rangi ya karoti, amejaza kreti nzima kama unga uliomwagika. Na chini ya mkia wake inachungulia pembe ya kava ninayoijua. Elektronik Türküler. Nusu imeliwa na mende, lakini ndiyo.

Nikamwonyesha mwenye duka kidole. Akatazama paka, akatazama mimi, akasema: "Bir dakika."

Dakika moja. Neno ni lilelile, na kumbe urefu wake ni uleule. Tukakaa. Akaleta chai. Paka akageuka upande. Akaleta chai ya pili. Wateja wakaingia, wakaona paka, wakashusha sauti. Mjini kule paka ana haki kuliko mpangaji. Nikajikohoza, mwenye duka akanitazama kama nimepiga honi msikitini. Dakika arobaini! Boti yangu ya saa kumi nikaiona kwa mawazo ikiondoka. Paka akaamka, akajinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma, akanipita kama mtu wa kodi.

Nikainyakua. Mwenye duka akataja bei kwa vidole, na ilikuwa bei ya binadamu. Moyo ukanipiga. Huyu hapa! Hakupiga picha, hakufungua simu, hakutaja Wajerumani. Ndiye yule niliyemfuata zaidi ya kilomita 5,000. Nikalipa kabla hajapata akili, nikazoa na santuri ndogo kumi na nne na kubwa nne nisizozijua ili kumzuga, nikakimbia ngazi mbilimbili. Alinisindikiza mpaka mlangoni, na simiti akanipa.

Uwanja wa ndege, mizani haina aibu. Mzigo wa kwanza 23. Wa pili, niliofunga mwenyewe, 25. Mama Zuhura hakuuliza neno, alifungua zipu palepale, watu wamepanga foleni nyuma, akachomoa santuri moja akaishika kwa vidole viwili kama panya.

"Baba Zuhura. Hii ni nini?"

"Vipuri."

Akawaza kidogo. Halafu akatoa makoti matatu ya kike ya ofisini, yale ya mabega ya sponji, akanivisha, moja juu ya jingine. Nimesafiri saa saba nzima nikiwa na mabega kama kabati. Nimeshuka Dar Februari, joto unalijua, ofisa wa forodha akaniuliza kama naumwa. Nikasema nimetoka kwenye baridi. Akasema baridi imekuingia mpaka vifungo vikahamia kushoto?

Nyumbani sikunawa hata uso. Nikaweka pleya mezani, nikafuta sindano, nikatoa ile santuri ndani ya kava lake kwa mara ya kwanza, maana pale dukani nilikimbia. Nikashusha. Nikangoja Scania ipande Kitonga.

Vikaja vinanda. Vinanda vingi, vinalia. Halafu mwanamume analia nao. Nikasoma karatasi ya katikati: Orhan Gencebay. Mkubwa wa arabesk, muziki wa majonzi ambao redio ya serikali ya Uturuki haikutaka hata kuupiga. Kava la Koray, santuri ya Gencebay. Nikakaa chini na makoti yangu matatu.

Mama Zuhura alikuwa anapanga nguo na kubandika bei. Akasimama. "Huyu kasema dunia?"

Kweli, kasema dünya. Ule wimbo wake wa 1975, Batsın Bu Dünya, dunia hii na izame. Nikamwambia. Akakaa kwenye kochi, mashine ya bei mkononi, akafumba macho kama yuko kwenye taarabu na amekumbuka wifi yake mmoja. Si ajabu, arabesk na taarabu wote walichota Misri.

Nikanyoosha mkono nitoe, nijaribu zile ndogo kumi na nne.

"Wee!" akanipiga kofi la mkono. "Ngoja iishe. Halafu geuza upande wa pili. Na vua hayo makoti kabla hujayatia jasho, hilo la juu nimeshapata mteja."